Kabla Ghala Halijafunguliwa

Saa kumi na moja na nusu, Lindi bado inapiga miayo.
Nimening'iniza darubini shingoni kwa kamba ya kiatu.
Jicho lake la kushoto lina ukungu
tangu shemeji alipoiangusha kisimani,
kwa hiyo naiona dunia kwa jicho moja,
ila naiona karibu.

Siwema, binti wa dada, amekataa kubaki.
Ndala mkononi, kalamu sikioni,
daftari la hesabu la darasa la nne:
kurasa za nyuma ndiko tunakoandika ndege.

Tunashika njia ya mashamba ya chumvi.
Maji bapa, rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Kusi imechoka, haisukumi tena, inagusagusa tu.
Matope yanatukamata visigino,
yanatuachia kwa mlio wa busu.
Siwema anacheka. Najifanya sikusikia.

Juzi hapa palikuwa patupu.
Yangeyange wawili, wenyeji,
na mdiria juu ya mkoko
akitutazama kama karani anayedai kitambulisho.
Jana vilevile.
Leo
ngoja.
Chuchumaa.

Pale, tuta la tatu,
tope limejikuna.
Limejikuna tena, na lina miguu.
Vitwitwi! Kumi na tisa. La, ishirini na...
usiwanyooshee kidole, watashtuka.
Wadogo, kijivujivu, manyoya yamechakaa mabegani
kama shati la msafiri aliyelalia begi siku nne.
Hawana muda wa kusalimiana na mtu.
Wanadunga tope, wanadunga, wanadunga,
cherehani ya fundi usiku wa kuamkia Idi.

Mimi kazi yangu ni mizani.
Msimu ukifunguliwa nasimama ghalani kutwa:
gunia la korosho, kilo themanini na moja,
toa moja ya gunia, andika.
Mmoja wa hawa,
aliyetoka huko ambako maji huganda yakakanyagika,
ukimweka juu ya mizani yangu
mshale hautikisiki.
Stakabadhi yake niandike nini?
Sifuri?

"Mmewapata wageni wenu?"
Bi Somoe Nampunju, reki begani,
chumvi imemkaukia kutoka vifundoni hadi magotini
kama soksi nyeupe za shule.
"Wameingia usiku. Niliwasikia nilipotoka uani."
Anatazama tuta, anatazama darubini.
"Nauli yao analipa nani?"
Hakuna.
"Na wewe kuwahesabu, unalipwa na nani?"
Hakuna.
"Haya," anasema, anashusha reki,
"kumbe ukoo mmoja."

Halafu filimbi.
Juu, upande wa mikoko ya Kitunda:
sululu. Namjua kabla sijamwona,
milio saba inayofuatana
kama shanga zikidondoka kwenye uzi uliokatika.
Mwaka mzima nazisubiri hizo saba.

"Sita," anasema Siwema.

Saba.

"Sita, mjomba."

Tunanyamaza sote watatu, hata reki inanyamaza.
Analia tena. Moja, mbili, tatu,
nne, tano, sita,
na hapo hapo lori barabarani linapiga honi.
Bi Somoe analitukana lori na mama yake.
Sululu anapita juu yetu, mdomo umepinda chini
kama mtu aliyekuwa na la kusema akaghairi,
anatua mbali, ananyonyoa bawa, basi.
Halii tena.

Siwema haniulizi. Anaandika:
*Vitwitwi 23. Sululu 1. Filimbi 6, nyingine labda.*
Anapigia mstari neno *labda*
kwa rula, kama alivyofundishwa.

Saa mbili kasoro dakika kumi.
Funguo za ghala zinanigonga pajani.
Nafika nimechelewa, tope hadi magotini,
na meneja kasimama mlangoni na saa yake:
"Ulikuwa wapi?"

Mapokezini, nasema,
na kufungua kufuli.